Konokono wa Mfereji wa Klorini

Sura ya Tano

Gwenda Prowse alikwisha kuulizwa maswali yale yale na watu watatu kabla Sajini Merrin Tasovac hajavuta kiti mbele yake, na alikuwa amewachoka wote wanne.

"Pai zilitoka kwenye friza, zikaingia kwenye oveni, zikatoka zinaunguza vidole," alisema. "Soseji hivyo hivyo. Vitunguu nilikata mwenyewe, na mikono nilinawa. Sasa unataka nikuimbie, au nikuandikie ukutani? Ukuta wenyewe wameshauwahi."

Hapo hakusema uongo. Nje, kwenye ukuta wa kantini ya klabu ya mpira ya Yelkarin, mtu alikuwa amepaka neno moja kwa rangi nyekundu, SUMU, kwa herufi kubwa kama za jina la duka. Chini yake mayai yalikuwa yamekaukia kwenye bati, na nzi wote wa wilaya walikuwa wamepata habari.

Merrin alinyoosha mguu wa kushoto chini ya meza. Goti lilikuwa limemvimba, naye alikuwa amelifunga plasta ngumu ya kahawia, ile ya wanamichezo, akameza vidonge na kushika usukani kabla jua halijachomoza. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Kesi hii alipewa kwa sababu wapelelezi wengine walikuwa na kazi, au walisema wana kazi.

"Wiki moja kabla ya mechi uligombana na kamati ya klabu," alisema.

"Niligombana nao, ndiyo. Walitaka kuleta wapishi kutoka Perth siku ya kusherehekea miaka mia ya klabu. Miaka yote nachemka humu ndani mimi, halafu siku ya wageni nionekane sifai? Niliwapasha."

"Watu wanasema uliwaambia watajuta."

"Niliwaambia watakula nyasi. Nyasi, Sajini! Huko kwenu mtu akisema hivyo anafungwa?"

Merrin alifunua jalada la kesi mapajani. Kisa chenyewe alikuwa amekisoma njiani, kwenye kituo cha mafuta, huku chai ikipoa mkononi. Mechi ya maadhimisho ilichezwa Jumamosi ya juma lililopita, Yelkarin na Bilgarding, mpira wa huku, wa kudaka kwa mikono na kuangushana chini, na wakati wa mapumziko watoto wadogo walipewa nafasi yao wakimbizane na mpira. Kufikia katikati ya wiki wachezaji wengi walikuwa wanaharisha damu, na watoto pia. Mmoja wao, Tamsin Rudge, mwenye miaka minane, binti wa mwenyekiti wa klabu, alipelekwa Perth kwa ndege ya madaktari. Figo zake zilikuwa zimesimama. Mashine ndiyo iliyokuwa ikimsafishia damu.

Mji mzima ulikwisha kutoa hukumu: Gwenda aliwatilia kitu kwenye chakula.

"Nani alikula kuliko wote siku ile?" Merrin aliuliza.

Gwenda alifikiri. "Kelvin Stubbs. Mwamuzi wa goli, yule anayepunga bendera. Pai tatu, soseji mbili, na za mwisho hakuzilipia."

"Yuko hospitali?"

"Kelvin? Jana nimemwona juu ya paa lake anazoa majani."

"Na hao Bilgarding, walikula hapa?"

"Wale? Wangekufa kwanza. Tangu ule ugomvi wa fainali wanakuja na chakula chao kwenye basi, hata chumvi wanabeba."

Merrin alitoka nje, akasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akampigia simu muuguzi wa zahanati ya Bilgarding. Mazungumzo hayakuchukua muda. Ndiyo, alisema muuguzi, wachezaji wao pia wanaumwa, nusu ya timu, na dalili ni hizo hizo. Hapana, mashabiki hawaumwi. Waliokuja kutazama tu wote wazima.

Akarudi ndani.

"Si chakula," alisema.

Gwenda hakushangilia. Alichukua kitambaa, akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Basi nenda kawaambie wao," alisema. "Mimi naijua hiyo habari tangu Jumanne."

Waliokula sana na kusimama pembeni walikuwa wazima. Walioumwa, wawe wenyeji au wageni, walikuwa wameanguka, wamesukumana na kusota kifudifudi, midomo wazi. Merrin aliutazama uwanja. Pande zote nchi ilikuwa imekauka, mabua ya ngano yakiishia kwenye ziwa la chumvi. Katikati ya ukame huo uwanja wa Yelkarin ulikuwa kijani kibichi, na kwenye uzio kulikuwa na bomba la zambarau na kibao: MAJI YALIYOSAFISHWA UPYA. USINYWE.

Kando ya kibao hicho alikuwa amechutama mwanamke mwenye kofia pana na sanduku la barafu. Huyo alikuwa Priyanka Wijeratne, afisa wa afya kutoka Perth. Siku mbili zote alikuwa akipima pai na maji ya kunywa.

"Haya ya zambarau umeyapima?" Merrin aliuliza.

"Nimechukua leo, yaende maabara. Halmashauri waliniambia nisihangaike nayo. Kipimo cha klorini mtamboni kinaonyesha kila kitu sawa, nami nimekiona asubuhi kwa macho yangu." Priyanka alijifuta jasho. "Klorini ikipungua, vali inajifunga yenyewe. Mtambo haukubali kuleta maji machafu huku."

"Watoto wana mazoezi hapa lini?"

"Leo. Wakitoka shule."

"Twende mtamboni."

*

Mtambo wa maji taka wa Yelkarin ulikuwa nyuma ya maghala ya ngano, mahali ambapo mtu hafiki ila awe na shida. Mabwawa mawili makubwa, bata wachache, kibanda cha bati, na harufu ambayo Merrin aliizoea haraka kuliko alivyopenda. Aliyewafungulia lango ni Col Haberfield, mtu wa halmashauri anayeuangalia mtambo huo, jitu la tumbo kubwa na kofia iliyofifia rangi. Alikuwa amerudi kutoka likizo Jumatano tu. Tangu walipoingia hakumtazama yeyote usoni.

"Maji yakitoka bwawa la mwisho yanakuja hapa," alisema, akionyesha mfereji wa zege uliojikunja huku na huku kama utumbo. "Yanatiwa dawa ya klorini pale mwanzoni, halafu yanazunguka taratibu ili dawa ipate muda wa kuua vijidudu. Yakifika mwisho, pampu, uwanjani. Basi. Hakuna maajabu, afande."

"Na dawa inaingia?"

"Sikiliza mwenyewe."

Pampu ndogo ilikuwa ikigonga kwa mpangilio, tk, tk, tk, ikivuta dawa kutoka kwenye tangi jeusi lililokuwa juani. Juu ya tangi kulikuwa na nguzo nne zisizobeba kitu.

Merrin alikuwa akichechemea ukingoni mwa mfereji. Alisimama, akainama kadiri goti lilivyomruhusu. Ukuta wa zege chini ya maji ulikuwa na utelezi wa kijani, mnene kama manyoya. Na juu ya utelezi huo, bila haraka yoyote, konokono wadogo weusi walikuwa wanakula. Aliwafuata kwa macho hadi kwenye kona, na baada ya kona wengine, hadi mwisho wa mfereji, mlangoni kwa pampu.

"Col," alisema. "Dada yangu ana bwawa la kuogelea. Akilitia klorini hata mende aliyeanguka bahati mbaya hachukui dakika. Hawa wanaishije?"

Col alikuna shingo. "Konokono wa huku wagumu."

"Wagumu."

"Jua la huku, afande. Linakomaza kila kitu."

Priyanka hakucheka. Alikuwa amekwisha kuchota maji ya mwisho wa mfereji kwenye kichupa cha kioo. Alidondosha humo kidonge kidogo, akatikisa, akakiinua kwenye mwanga.

"Klorini ikiwepo yanageuka waridi," alimwambia Merrin.

Walingoja. Maji yalibaki kama yalivyokuwa.

"Hamna kitu," Priyanka alisema taratibu. "Hamna kabisa. Haya ni maji ya bwawani yanayokwenda moja kwa moja kwenye nyasi." Aligeuka kulitazama lile tangi jeusi, na zile nguzo nne. "Paa la tangi liko wapi?"

"Dhoruba ya Januari ililichukua," Col alisema. "Niliomba bati. Nikaomba tena. Wakasema bajeti ijayo."

"Dawa hii ikipikwa na jua inakufa, inabaki chumvi tu. Umebaki unapiga pampu maji ya chumvi."

"Tuliagiza nyingine. Lori limekwama mashariki, barabara imekatwa na mafuriko. Mimi nikaenda likizo yangu, nikajua ikizidi kuwa dhaifu vali itajifunga, na ikijifunga basi, hakuna anayeumia. Nyasi zitakauka, lakini nyasi si mtu."

"Lakini haikujifunga," Merrin alisema.

"Haikujifunga."

"Nionyeshe kipimo."

Ndani ya kibanda kulikuwa na joto la oveni. Ukutani, kisanduku cha kijivu kilikuwa kinawaka taa ya kijani, na tarakimu zake zilikuwa nzuri, zimetulia tuli. Merrin aliufuata waya unaotoka chini ya kisanduku. Ulipaswa kuingia kwenye bomba. Haukuingia. Tundu la bombani lilikuwa limezibwa kwa kizibo kipya, na waya ulipita nyuma ya pipa tupu ukashuka sakafuni. Col alikuwa amesimama mbele ya pipa hilo tangu walipoingia.

"Sogea, Col."

"Afande..."

"Kaka, nimeamka kabla ya jogoo wako na goti linaniuma. Sogea."

Alisogea. Nyuma ya pipa palikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko uliokatwa tundu. Priyanka alichota humo kidogo, akadondosha kidonge. Maji yaligeuka waridi kali papo hapo. Mtu alikuwa ametia ndani ya ndoo klorini ya bwawa la kuogelea, akachomoa ncha ya kipimo kutoka kwenye bomba na kuitumbukiza humo. Mashine ilikuwa ikipima ndoo, ikaridhika, ikaacha vali wazi.

Merrin alivaa glavu. Alipiga picha kila upande, kisha akachuchumaa kwa shida, akatazama jinsi waya ulivyoshikizwa ukingoni mwa ndoo. Plasta ngumu ya kahawia, imezungushwa mara kadhaa, mwisho wake umechanwa kwa vidole na kukunjwa ndani ili usinyanyuke. Fundi bomba angetumia utepe mweusi. Mkulima angetumia kamba. Hii hufungwa hivyo na mtu aliyezoea kufunga vifundo vya miguu. Yake mwenyewe, gotini, ilikuwa imekunjwa vivyo hivyo, kama alivyofundishwa na daktari wa timu ya polisi.

"Wewe unacheza mpira?" alimuuliza Col.

"Mimi? Na tumbo hili?"

"Ndoo hii uliiona lini?"

Col alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Jumatano niliporudi. Naapa sikuiweka mimi."

"Na hukuitoa."

"Watoto walikuwa wameshaanza kuumwa. Ningeitoa, vali ingejifunga, wangeuliza kwa nini imejifunga leo wakati jana ilikuwa wazi. Ningesema nini? Kwamba nilikwenda kuvua samaki wiki tatu nikaacha mtambo ujilinde?" Sauti yake ilipanda. "Nilijiambia labda ni pai kweli. Kila mtu alikuwa anasema ni pai."

"Tangu Jumatano maji haya yanakwenda uwanjani, na wewe unajua," Priyanka alisema.

Col aliikunja kofia kwa mikono yote miwili.

"Ifunge vali," Merrin alisema.

"Kwa joto hili nyasi hazimalizi wiki. Miaka mitatu tumezilea zile."

"Ifunge, Col. Watoto wanatoka shule."

Alikwenda kwenye gurudumu la mkono, akalizungusha hadi likakataa. Sauti ya maji bombani ilipungua, ikawa mlio mwembamba, ikaisha. Priyanka alikwisha kutoka nje na simu sikioni, akiitafuta shule.

"Ufunguo wa kibanda hiki wanao wangapi?" Merrin aliuliza.

"Mimi na ofisi. Na..." Col alivaa kofia, akaivua tena. "Kabla ya likizo niliacha mmoja kwa mtu wa klabu, awashe vinyunyizio. Ni fundi umeme, anazijua pampu kuliko mimi. Lakini, afande, hawezi kuwa yeye. Mtoto wake ndiye yule aliyeko Perth."

*

Denzil Rudge alikuwa chumbani kwa binti yake akikunja nguo. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na alipomwona Merrin kwenye ukumbi hakuuliza aliingiaje. Alikuwa mtu mrefu, mikono mikubwa yenye makovu ya kazi ya waya. Mikono hiyo ilikuwa inajaribu kukunja soksi ndogo.

"Nimerudi kuchukua vitu vyake," alisema. "Coralie amebaki naye. Narudi Perth sasa hivi."

"Naomba tuketi jikoni, Denzil."

Waliketi. Merrin aliweka kinasa sauti mezani, akakiwasha, akamwambia maneno anayopaswa kuambiwa: si lazima aseme lolote, na atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Alikuwa ameyasema maneno hayo maishani mwake mara nyingi mno. Leo yalimtoka mazito.

Kisha akaweka mezani mfuko wa plastiki wenye kipande cha plasta ya kahawia.

Denzil aliuvuta mfuko karibu.

"Nani alikuwa anawafunga wachezaji miguu siku ya mechi?" Merrin aliuliza.

"Mimi. Kila mechi ni mimi."

"Ndoo ni ya nani?"

"Ya kwetu. Ya bwawa la kuogelea, nyuma ya nyumba." Hakujaribu hata kuzunguka. "Kidole kiliniuma kuukata ule mfuniko."

"Nieleze."

"Vali ilijifunga siku kumi kabla ya mechi. Nikampigia injinia wa halmashauri. Akasema ngoja lori. Nikampigia tena. Ngoja Col arudi. Nyasi zilikuwa zinageuka majani ya chai mbele ya macho yangu. Miaka mia, Sajini. Babu yangu aliung'oa visiki ule uwanja kwa farasi. Wageni wanatoka hadi Queensland, upande wa pili wa nchi, halafu wakute vumbi?" Alifuta uso kwa kiganja. "Nikachota yale maji, nikayaangalia. Meupe. Hayanuki. Nikasema yameshakaa kwenye mabwawa, yameshasafishwa, klorini hii ni ya kutuliza roho za watu wa ofisini. Mechi ikiisha narudisha kila kitu."

"Hukurudisha."

"Jumapili nilikuwa na uchovu wa pombe. Jumatatu nilikuwa na kazi. Jumanne Tamsin akaanza kulia tumbo."

"Na hapo ukajua."

"Hapana!" Kisha, taratibu: "Sikutaka kujua. Watu walisema pai, nikasema pai. Tukafanya mkutano wa kamati, wakamtukana Gwenda mpaka mate yakawatoka, mimi nimekaa kiti cha mbele. Niliiona ile rangi ukutani nikapita na gari." Alisogeza mfuko wa plastiki pembeni kwa kidole kimoja. "Asubuhi ya mechi niliwasha vinyunyizio mwenyewe, ili wadogo wasiungue miguu. Tamsin alianguka kila aliposhika mpira. Nilikuwa nacheka. Nilimwambia mwanangu, ukishika mpira anguka nao, usiuachie."

Merrin aliuliza tarehe, akauliza ufunguo uko wapi, akauliza kama kuna mwingine aliyejua. Hakukuwa na mwingine. Aliuliza kila swali kwa sauti ile ile, kwa sababu ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumaliza.

Simu ilitetemeka mezani kati yao. Jina la Coralie.

Denzil alimtazama Merrin.

"Pokea," Merrin alisema.

Denzil aliinamia meza. Aliiacha simu mezani, akabonyeza spika.

"Denzil? Umeshatoka huko?" Sauti ya mwanamke ilikuwa ya mtu ambaye hajalala, lakini ilikuwa inacheka. "Sikia. Amekojoa. Kidogo tu, kijiko labda, lakini amekojoa mwenyewe. Daktari anasema ni dalili nzuri. Figo zinajaribu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unalia? Usilie, bwana, mimi nimeshalia kwa niaba ya wote. Daktari anauliza tena alikula nini. Nimemwambia ni zile pai. Yule mwanamke wamemkamata?"

Denzil alifumba macho. Merrin angependa kutoka nje, akae barazani, amwache mtu huyu jikoni kwake, lakini kinasa sauti kilikuwa kinazunguka na kazi yake ilikuwa kubaki. Alibaki.

"Si pai, Cora."

"Nini?"

"Gwenda hakufanya kitu. Ni maji ya uwanjani. Yalikuwa hayana dawa. Mashine ilitaka kuyazuia, mimi nikaidanganya, nikayafungulia."

Kwenye simu mashine ya hospitali ilikuwa inalia kidogo kidogo.

"Wewe," Coralie alisema.

"Mimi."

Coralie alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini sana, ya mtu aliyekaa kando ya mtoto aliyelala na hataki kumwamsha.

"Usije huku," alisema. "Nguo zake mpe mtu mwingine alete."

Simu ikakatika. Denzil alibaki ameitazama hadi kioo chake kikazimika. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na mkoba mdogo wa waridi wenye zipu iliyokwama nusu, akauweka mbele ya Merrin.

Perth ilikuwa mbali, na nyumbani kwa Merrin kulikuwa upande mwingine kabisa. Alizima kinasa sauti, akaivuta zipu ya ule mkoba hadi ikafunga, akauning'iniza begani.

"Chukua koti lako," alimwambia. "Tunapitia kituoni kwanza, kisha mkoba nitaupeleka mwenyewe."